Kadi Aliyonyimwa Anyesi

Anyesi Nosim alikuwa fundi cherehani wa Kaloleni, mjini Arusha. Watu walimjua kwa mambo mawili: mishono yake haikufumuka, na rangi yake haikufanana na ya mtu mwingine yeyote mtaani. Jina la pili alilotumia lilikuwa la mama yake. La baba alilijua, lakini mimi niliyekaa nyumba ya tatu kutoka kwake kwa miaka mingi sikumsikia hata siku moja akilitamka.

Huyo baba alikuwa Mgiriki, msimamizi wa shamba la kahawa upande wa Usa. Nosim, Mwarusha wa Ilkiding'a, alikwenda pale kuchuma kahawa akiwa bado msichana, akaishia kukaa nyumbani kwa msimamizi miaka mitatu. Mke wa yule bwana alipofika kutoka kwao, Nosim alipewa blanketi na sufuria, akaambiwa aondoke kabla ya saa sita mchana. Mtoto alikuwa na miaka miwili. Walitembea kwa miguu mpaka mjini, wakapanda mlima mpaka kwa kaka zake Nosim, nao wakawakatia pembe ya shamba la migomba. Hawakumfukuza, lakini siku za sherehe hakuna aliyemwita yule mtoto kwenda kukaa na wenzake.

Shule ya misheni ndiyo iliyompa Anyesi kazi. Alisoma mpaka darasa la sita, akafundishwa kushona, na alipofikisha miaka ishirini akashuka mjini na cherehani ya mkono kichwani. Aliolewa na dereva wa lori aliyeitwa Simel, mtu mpole, ambaye gari lake lilipinduka njia ya Namanga mwaka wa hamsini na mbili. Hawakujaliwa mtoto. Baada ya hapo Anyesi alibaki na nyumba ya vyumba viwili, cherehani ya miguu aliyoachiwa na mumewe, na wateja wa kila namna. Asubuhi angempima bibi harusi wa Kihindi, na mchana mke wa mkulima wa Kizungu akaja na gari kuchukua mapazia.

Siku hizo Chama kilikuwa kimeanza kuenea. Sisi tulikiita Chama tu, kwa sababu kwetu hakikuwapo kingine. Kilikuwa kinadai Waingereza waondoke na nchi ijitawale, na kadi yake walipewa Waafrika peke yao. Kulikuwa na chama cha pili, kilichopendwa na serikali na wakulima wa Kizungu, ambacho kilijitangaza kuwa cha watu wa rangi zote. Kwa hiyo wazungu wa mjini walikuwa na neno moja walilopenda kulirudia: chama chetu kinachagua watu kwa ngozi, chao hakichagui.

Katibu wa tawi letu alikuwa Bwana Hatibu, fundi baiskeli, mtu wa Kondoa aliyekuja Arusha zamani akaoa na kujenga. Mkewe, Bi Mwanahalima, ndiye aliyekuwa akiwakusanya wanawake. Yeye na Anyesi walikuwa mashoga wa kuazimana chumvi, na ndiye aliyemwambia Anyesi aende akachukue kadi.

Anyesi alikwenda Jumatatu moja ya mwaka wa hamsini na saba, amevaa vizuri kama anayekwenda kanisani. Bwana Hatibu alifuta mikono yenye grisi, akatoa fomu, akaanza kuandika. Jina, mtaa, kazi. Kisha kalamu ikasimama.

"Dada Anyesi," akasema, "hapa pameandikwa Mwafrika."

"Napaona."

"Sheria haikutungwa hapa. Ilitoka makao makuu. Inasema Mwafrika, basi. Haisemi mtu wa namna yako awekwe wapi."

"Wewe ungeniweka wapi?"

Bwana Hatibu aliikunja ile fomu mara mbili. Alisema kama ingekuwa juu yake angeiandika sasa hivi, lakini kuna watu katika tawi ambao wangemuuliza kwa nini chotara wa Mzungu amepewa kadi na wa Mwarabu akanyimwa, na yeye hana jibu. Akaahidi kuuliza. Anyesi akamshukuru, akarudi nyumbani, akafunga mlango, na siku ile hakushona.

Bi Mwanahalima alimgombeza mumewe wiki nzima. Halafu akaja kwa Anyesi kwa jambo jingine, akilizunguka kwa maneno mengi kabla ya kulifikia. Wanawake wa Chama walikuwa wanataka magauni ya kijani ya sare, thelathini na moja, kwa ajili ya mkutano mkubwa wa Jumapili ya mwisho wa mwezi. Fundi mwingine wa kuaminika hakuwapo. Lakini aliona haya kumwomba.

"Mimi ni fundi," Anyesi akamjibu. "Walete niwapime."

Akawapima wote, mmoja mmoja, sebuleni kwake. Wengine walikuja na maembe, wengine na maziwa ya mgando. Wawili au watatu walisimama wakanyoosha mikono bila kumtazama usoni, kama waliosimama mbele ya daktari asiyejulikana. Anyesi aliniambia baadaye kwamba hakuwachukia. Aliona tu kwamba wanaogopa kumpenda mtu ambaye huenda kesho wakaambiwa si mwenzao.

Wakati magauni yako mezani, alifika Mama Eleni. Huyu alikuwa mke wa mkulima wa Kigiriki, mama mnene mwenye Kiswahili cha jikoni, mteja wa siku nyingi. Aliyaona magauni ya kijani akayatambua. Hakukasirika. Aliuliza tu kama Anyesi naye atavaa moja, na Anyesi alipomweleza habari ya kadi, Mama Eleni akapiga paja kwa mkono. Akasema huo ndio ubaya wa kile chama, na kwamba yeye na mumewe wamejiunga na kile kingine kwa sababu wameamua kufia nchi hii, na wanataka wajukuu wao wakae na Waafrika kama jirani. Alisema kwa moyo, na Anyesi alimwamini. Jumamosi ile wakaenda pamoja kwenye mkutano wa chama cha rangi zote, katika ukumbi wa hoteli moja ya mjini.

Hotuba zilikuwa nzuri. Msemaji mmoja alisema chama chao hakina macho ya kuona rangi, na watu wakapiga makofi. Kisha ikaja chai. Wazungu walibaki ukumbini, penye viti vya mito na vikombe vya udongo mweupe. Wahindi wawili waliokuwapo wakakaa karibu na dirisha. Majumbe wanne wa Kiafrika, wakuu wa vijiji waliokuja na makoti yao ya serikali, walipelekwa barazani wakanyweshwa kwenye vikombe vya bati. Hakuna aliyetoa amri. Kila mtu alikwenda mahali pake kama maji yanavyofuata mfereji. Mhudumu aliyebeba sinia alifika mbele ya Anyesi akakwama. Alimtazama yeye, akatazama mlango wa barazani, akamtazama tena.

Mama Eleni alimshika Anyesi mkono akamkalisha kando yake. Mzee mmoja wa Kizungu aliyekuwa kiti cha pili akainuka polepole, akahamia upande mwingine. Shingo ya Mama Eleni ikawa nyekundu. Alisimama, akachukua vikombe viwili vyeupe, akamwambia Anyesi, "Twende nje." Wakanywa chai barazani na majumbe, na Mama Eleni akazungumza nao habari za mvua na bei ya pareto mpaka mkutano ulipoisha. Wakati wa kuondoka mtu mmoja alimpa Anyesi fomu ya kujiunga. Haikuuliza kabila wala rangi. Ilikuwa rahisi kuijaza, na Anyesi aliipeleka nyumbani, akaiweka chini ya sanduku la vifungo, asiijaze.

Jumapili ya mkutano wa Chama ikafika. Uwanja ulijaa kuliko siku ya gulio. Wanawake thelathini na mmoja walisimama mbele kwa safu mbili, kijani kitupu, na Anyesi alisimama pembeni kabisa, karibu na ukuta, amevaa gauni lake la kahawia. Alikuwa akiangalia mapindo ya magauni. Moja lilikuwa limepanda upande wa kushoto, na jambo hilo lilimkera.

Msemaji wa tatu alikuwa Philemoni, Mmeru wa Engare Nanyuki, mwanachama wa tawi letu. Watu wa kwetu wote wanajua yaliyompata, kwa kuwa yaliwapata wengi. Mwaka wa hamsini na moja serikali iliwahamisha Wameru wa kule ili ardhi ipewe wakulima wa Kizungu. Nyumba zilichomwa, mifugo ikaswagwa kwenda nchi ya chini yenye joto, na mingi ikafa. Philemoni alipoteza nyumba mbili, ng'ombe kumi na sita, na mtoto wa miezi mitano aliyeshikwa na homa njiani.

Lakini hakuishia hapo. Alisema siku ya uhuru hakuna Mzungu wala Mhindi atakayebaki, na mwenye damu yao atawafuata. Kisha akageuka upande wa ukuta. "Hata hawa wanaokuja kusimama kati yetu kwa sababu wametushonea nguo," akasema, "tunawajua."

Watu walimgeukia Anyesi. Na ukweli lazima usemwe: wengi walipiga makofi. Si wote, lakini wengi, na katika safu za kijani mikono kadhaa ilipigwa pia. Anyesi hakuondoka. Bwana Hatibu aliruka jukwaani, akakishika kipaza sauti cha bati, akasema aliyosema Philemoni ni ya Philemoni, Chama kinapigana na utawala na hakipigani na ngozi za watu. Bi Mwanahalima alitoka kwenye safu, akavuka uwanja mbele ya macho ya wote, akaenda kusimama ukutani kando ya Anyesi. Wanawake sita au saba wakamfuata. Wengine walibaki walipokuwa.

Polisi waliokuwa wakiandika hotuba waliandika kila neno. Siku tisa baadaye Anyesi aliitwa bomani, kwenye ofisi za serikali.

Bwana Shauri, ofisa wa Kiingereza aliyemwita, alikuwa kijana mrefu, mgeni kidogo katika wilaya, mwenye adabu. Alimpa kiti. Akamweleza kwamba serikali inafikiria kulifuta tawi la Kaloleni kwa sababu ya kuchochea chuki baina ya watu wa rangi tofauti, na kwamba yeye, Anyesi, ni shahidi kuliko wote. Alinyimwa kadi kwa ajili ya damu yake. Alitukanwa hadharani kwa ajili ya damu yake. Hakutakiwa ila kusema ukweli na kutia sahihi. Karani alikuwa tayari na karatasi.

Anyesi alisema ukweli. Ndiyo, alinyimwa kadi. Ndiyo, Philemoni alisema vile, na watu walipiga makofi. Karani akaandika. Bwana Shauri akauliza swali alilomwitia.

"Kwa hiyo, kwa maoni yako, chama hiki ni chama cha chuki ya rangi?"

Anyesi akamjibu. "Bwana, chama ni watu wengi. Tawi letu lina watu zaidi ya mia tatu. Mimi nimewapima thelathini na mmoja. Katika hao, saba walikuja kusimama nami na watatu niliwaona wakipiga makofi. Waliobaki sijui. Nikikuambia wote wana chuki nitakuwa nimewasingizia wale saba. Nikikuambia hakuna mwenye chuki nitakuwa nimejidanganya mwenyewe."

"Lakini kanuni yao inakukataza wewe. Kanuni ni ya chama kizima."

"Kanuni ni mbaya. Iandike hivyo, na uandike kwamba ni mimi niliyesema." Akangoja karani amalize. "Lakini Bwana, mwakani kutakuwa na kura. Nasikia karatasi yenu ina mafungu matatu, Mzungu, Mhindi na Mwafrika, na kila mtu atachagua mmoja katika kila fungu. Kama mimi ningetaka kusimama nichaguliwe, serikali ingeniweka fungu gani?"

Yule kijana akasema jambo hilo ni refu.

"Basi na la Chama liandikwe hivyo," Anyesi akasema. "Kwamba ni refu."

Alitia sahihi maneno yake mwenyewe na si zaidi. Tawi halikufutwa. Lilinyimwa ruhusa ya mikutano ya hadhara kwa miezi mitatu, na Philemoni akafungwa wiki sita kwa maneno ya uchochezi.

Habari za bomani zilienea kupitia kwa karani, na zilipofika kwenye masikio ya tawi, Bwana Hatibu aliamua kutongoja tena jibu la makao makuu. Aliitisha mkutano wa wanachama, ndani, akaleta swali moja: je, tawi la Kaloleni liombe rasmi kwamba watu waliozaliwa na mama au baba Mwafrika wapewe kadi? Walipiga kura kwa karatasi zilizokunjwa ndani ya kopo la mafuta ya taa. Waliokubali walikuwa sitini na wanane. Waliokataa, hamsini na watano. Barua ikaandikwa.

Anyesi alipoletewa matokeo alimuuliza Bi Mwanahalima ni nani waliokataa. Bi Mwanahalima akasema hajui, na hata angejua asingesema. Nadhani hili lilimuumiza kuliko hotuba. Hotuba ilikuwa na mdomo mmoja. Hawa hamsini na watano walikuwa wateja wake, wanakwaya wenzake, watu wa kumsalimia njiani. Kwa wiki kadhaa kila aliyeingia na kitambaa, Anyesi alimtazama mara mbili.

Philemoni alipotoka gerezani alikwenda kwa Anyesi. Ilikuwa asubuhi, nami nilikuwa pale nimepeleka suruali ya kupunguzwa. Alisimama mlangoni ameshika kofia. Alikuwa amekonda. Anyesi alimkaribisha, akamwonyesha kigoda, akaendelea kushona.

"Bwana Hatibu alikuja kuniona kule ndani akaniambia habari ya ile kura," Philemoni akasema. "Nimempa karatasi yangu aihesabu hata kama imechelewa. Nimekuja nikuambie mwenyewe. Nimeandika hapana."

Cherehani ikasimama.

"Umekuja kuniambia hivyo?"

"Ndiyo. Nilisikia unawaza ni nani. Nimeona si vizuri uwaze juu yangu."

Anyesi alimuuliza sababu. Philemoni hakukimbilia maneno ya jukwaani. Alisema siku ile ya Engare Nanyuki, aliyewasomea amri kwa Kiswahili alikuwa kijana mwenye rangi kama ya Anyesi, na alisoma huku anacheka. Tangu hapo kila akiona rangi ile anasikia kilio cha mtoto wake. Alisema anajua si haki. Bomani hakumsikia Anyesi, lakini amesimuliwa, na Anyesi, ambaye yeye alimtukana, angeweza kumfungisha miaka badala ya wiki. Anajua hayo yote, na mkono bado umeandika hapana.

Kwa mara ya kwanza nijuavyo mimi, Anyesi alimsimulia mtu habari ya blanketi na sufuria. Alimwambia naye aliondolewa kwenye nyumba kabla ya saa sita mchana, akiwa mgongoni mwa mama yake, na aliyemwondoa ni baba yake mzazi. "Damu unayoiogopa," akamwambia, "ilianza kunifukuza mimi kabla haijakufukuza wewe."

Philemoni aliinamisha kichwa. Hakuomba msamaha, wala Anyesi hakumdai. Alikaa mpaka akaletewa uji, akaunywa wote, akaaga. Tangu siku hiyo akawa anapita kila akija mjini, anamletea viazi, anasalimia, anakaa kidogo. Sikuwahi kusikia wakizungumza tena habari za kadi.

Makao makuu yalijibu baada ya miezi mitano. Barua ilikuwa fupi na ya heshima: maombi yamepokewa, kanuni haiwezi kubadilishwa na tawi moja, jambo litaangaliwa kwa wakati wake. Bwana Hatibu aliipeleka kwa Anyesi mwenyewe, akamsomea akiwa amesimama. Anyesi alimwambia akae, akampa chai.

Mama Eleni naye aliendelea kuja. Chama chake kilishindwa vibaya katika kura za mwaka wa hamsini na nane, na mumewe akataka wauze shamba waondoke. Alikataa. Alimwambia Anyesi kwamba pale hotelini alijifunza jambo moja, kwamba si kila aliyekuwa katika chama chake alikuwa amejiunga kwa sababu ile iliyomfanya yeye ajiunge.

Nosim, mama yake Anyesi, alikuwa bado hai Ilkiding'a, mzee wa fimbo. Anyesi alipanda kila Jumapili baada ya kanisa. Jumapili moja alimsomea ile barua, akiitafsiri kwa Kimaasai. Yule bibi alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama imesema hapana. Anyesi akamjibu kwamba haikusema hapana wala ndiyo.

"Na wewe, mwanangu, bado unaitaka hiyo kadi?"

"Naitaka, yeyo. Wakati mwingine naona haya kuitaka, lakini naitaka."

Nosim akasema basi na aingoje, yeye amengoja mambo mabaya zaidi ya hilo. Wiki iliyofuata wanawake wa Chama walileta vitambaa vipya vya kijani, safari hii wakiwa arobaini na wanne, na Anyesi akatoa futi yake, akaanza kuwapima.